Kilichokuwa Nyuma ya Kipande

Ojwang hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla ya kukizunguka na kukiona kwa nyuma. Akipewa posho ya unga Jumamosi, aliupima tena nyumbani kwa bakuli lake mwenyewe. Mhubiri akisoma aya kanisani, yeye aliinamia Biblia ya jirani kuhakikisha kama na humo imeandikwa vilevile, ingawa herufi alizozijua zilikuwa zile za jina lake tu. Mkewe Jerusa akimwambia mvua itanyesha saa nane, alitoka nje kuangalia mawingu, na hii ni nchi ya Kericho, ambako mvua hunyesha saa nane kila siku ya Mungu bila kuhitaji shahidi.

Alitoka upande wa ziwa mwaka wa 1926, akashuka treni Fort Ternan na kupanda milima kwa miguu mpaka kwenye shamba moja la chai lililokuwa bado linang'oa visiki. Meneja wa shamba hilo vibarua walimwita Bwana Kengele, kwa sababu hata supu yake aliinywa kwa kengele. Bwana Kengele alimtazama Ojwang mikono, akaona ni mipana, akamweka kwenye kinoo.

Kinoo chenyewe hakikuwa kile kijiwe cha kunolea panga mlangoni. Lilikuwa gurudumu la jiwe la mchanga lililoletwa kwa meli, kubwa kama gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, likizungushwa na mkanda uliotoka kwenye injini ya kiwanda. Hapo ndipo visu vya kupogolea chai viliponolewa. Msimu wa kupogoa ukifika, watu mia mbili wanakata mashina magumu kuanzia alfajiri, na kila kisu kinarudi kunolewa mara mbili kwa siku. Wanoaji walikuwa wawili, kila mmoja upande wake wa jiwe: huku Ojwang, kule Gichana wa kutoka Kisii, mtu mnene mwenye kicheko, golikipa wa timu ya kiwanda.

Mwanzoni juu ya jiwe palining'inia debe lenye tundu dogo, likidondosha maji tone kwa tone. Jiwe likawa limelowa, visu vikalia polepole. Mwaka wa 1929 Bwana Kengele aliona kutu kwenye visu, akaamuru debe liondolewe. Mwaka uliofuata mvua ikawa inalowesha mkanda na mkanda unateleza, akaamuru banda lizungushiwe mabati pande zote nne. Kwa amri hizo mbili zenye akili nyingi, vumbi lilipatiwa nyumba yake.

Jioni Ojwang na Gichana walitoka humo ndani weupe kama wazungu waliopakuliwa kabla ya kuiva. Jerusa alizoea kusema kwamba anaolewa kila jioni na mzee mwenye mvi, halafu mzee huyo anaoga na mumewe anarudi.

Baada ya miaka sita kikaja kikohozi. Kilikuwa kikavu, cha kugonga tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Baadaye zikaja pumzi fupi. Kutoka mtoni mpaka kwenye nyumba za vibarua palikuwa na kilima kidogo, na Ojwang akaanza kusimama mara tatu njiani, akijifanya anatazama mahindi ya watu. Mahindi yakivunwa, alitazama mabua.

Mambo yakawa hivyo mpaka mwaka wa 1935, hospitali ya shamba ilipoletewa mashine ya kupiga picha ya kifua, eksirei. Daktari wa shamba alikuwa mzungu mrefu wa miwani, mgeni wa miezi minne. Alisema kifua kikuu kimeingia kwenye nyumba za vibarua, na kila mwenye kukohoa, pamoja na wafanyakazi wote wa kiwanda na karakana, apigwe picha. Atakayekutwa nacho atasainiwa kipande chake cha kazi na kurudishwa kwao wiki hiyo hiyo.

Habari hiyo, ikitoka mdomoni mwa msaidizi wa daktari, ilitembea haraka kuliko daktari. Phelis, jirani wa ukuta mmoja na Ojwang, alianza kuhesabu kikohozi cha jirani yake kama anavyohesabu kuku wake. Wanaume waliokuwa wakipokezana na Ojwang tumbaku wakasema wameacha tumbaku. Jerusa naye akamchukua binti yao Dorcus, mtoto wa miaka mitatu, akampeleka kulala kwa Phelis. Alimwambia mumewe kwamba Phelis anajisikia mpweke.

Phelis alikuwa na watoto sita.

Ojwang hakuuliza. Lakini kutoka siku hiyo kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kulijua duniani, kubwa kuliko kazi na kuliko nyumba: kama ni kweli kwamba kila akipumua anamuua mtoto wake. Kwa mtu aliyezoea kushuku kila mtu, lilikuwa jambo zito kuanza kujishuku mwenyewe.

Siku ya picha ilikuwa Jumamosi mchana, kwa sababu mashine ilikula umeme wa injini ya kiwanda, na Bwana Kengele hakukubali iachishwe kazi ya chai hata dakika moja kabla majani ya siku hayajakauka. Watu arobaini walipanga foleni nje ya chumba. Kulikuwa na maneno mengi kwenye foleni hiyo. Mmoja alisema mashine inatafuta chai iliyomezwa na wezi. Mwingine alisema inapima mtu amebakiza miaka mingapi ili kampuni isimpe blanketi jipya bure. Gichana aliwaambia inatafuta nani ana moyo, na kwamba manyapara wamesamehewa.

Aliyewapanga ni Kiarie, dresa wa hospitali, yule msaidizi wa daktari, kijana wa misheni aliyevaa soksi ndefu na kusema kila kitu mara mbili. Daktari alikaa nyuma ya ukuta wa mbao akishika swichi, maana miale yenyewe aliiogopa kuliko alivyoogopa chui. Alikuwa amemwambia Kiarie jambo moja: kila mtu avue nguo za juu, aweke kifua kwenye bamba, ashike pumzi.

Walivua makoti, wakavua shati, wakavua magunia waliyojitengenezea fulana. Kilichobaki kifuani kwa kila mmoja kilikuwa kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la bwana wako, ndani ya mkebe wake wa bati, kwa kamba shingoni. Na hicho hakuna aliyekivua. Ojwang mwenyewe miaka miwili nyuma alikitundika kwenye kichaka akioga mtoni. Askari akapita, akamuuliza kiko wapi, akaonyesha kichaka kilichokuwa hatua kumi. Askari akasema sheria inataka kipande kwenye mtu, si kwenye kichaka. Kwa kosa hilo Ojwang alikata nyasi za bomani siku kumi na nne. Aliporudi alifupisha kamba mpaka mkebe ukakaa juu karibu na bega la kulia, mahali ambapo hata akilala aliusikia kidevuni.

Kiarie aliiona mikebe yote arobaini akaiacha ilipo. Yeye pia alikuwa na wake, chini ya koti jeupe. Alipokuja kuulizwa alijibu kwa utulivu mkubwa: "Daktari alisema wavue nguo. Kipande si nguo. Kipande ni serikali."

Filamu zilioshwa Jumatatu, zikatundikwa kwa vibanio kama nepi. Jumatano daktari akaja kuzitazama, akakuta vifua arobaini, na juu ya kila kifua sanduku jeupe lililochongoka pembe. Inasemekana alikaa chini. Halafu akasimama na kumtukana Kiarie kwa lugha ya kwao, na Kiarie, aliyekuwa akiipenda sana lugha hiyo, alijifunza maneno matatu mapya.

Lakini kwa wengi sanduku liliangukia katikati, palipo moyo na uti wa mgongo, ambapo daktari hakuwa na haja napo sana. Ni Ojwang tu, kwa kamba yake fupi, ambaye sanduku lake lilisimama juu ya pafu la kulia, pale pale ambapo kifua kikuu hupenda kuchimba. Akaitwa.

Daktari aliiinua filamu dirishani. Ojwang akajiona kwa ndani kwa mara ya kwanza, na hakupenda. Mbavu zilikuwa kama fito za paa. Mahali pa pumzi, ambapo Kiarie alimwambia panatakiwa kuwa peusi, palikuwa na vidoa vyeupe vidogo, vingi, huku na huku, kama mtu aliyemwaga punje za wimbi juu ya kitambaa cheusi. Na juu kulia, sanduku.

Daktari akagonga sanduku kwa penseli. "Hapa chini iko shimo," alisema, kwa kile Kiswahili cha wazungu wa mashamba ambacho hakina haja ya sarufi. "Hii kufua kikuu. Lazima."

Ojwang akamgeukia Kiarie. "Hilo shimo ameliona?"

"Hawezi kuliona. Kipande kimeziba."

"Sasa amejuaje kama lipo?"

"Ni daktari," Kiarie akasema. "Ni daktari huyo."

Ojwang alitikisa kichwa. Alikuwa amekutana na watu wengi walioona vitu nyuma ya ukuta, lakini wote walikuwa wakidai kuku kwanza. Kupitia kwa Kiarie akamwambia daktari kwamba mtu hawezi kufukuzwa kwa sababu ya shimo ambalo hakuna aliyelichungulia. Daktari, na kwa hili lazima asifiwe, aliona kuna ukweli humo. Akasema picha irudiwe Jumamosi bila hiyo takataka shingoni. Asipotaka, asainiwe aende.

Hapo Ojwang akakwama. Kipande kikitoka shingoni na kuingia mkononi mwa mzungu, kinarudi kimesainiwa umeachishwa kazi. Na kisiporudi, wewe ni mtoro, hata stesheni ya Kedowa hufiki bila kukamatwa. Alishaona mambo hayo yakifanyiwa watu wenye mapafu mazima. Inawezekana sana, aliwaza, kwamba picha yenyewe ni ujanja wa kuwafanya watu wavue vipande kwa hiari yao, na mashine ni sufuria tu yenye kelele.

Alirudi nyumbani akamkuta Jerusa mlangoni anachambua osuga. Akakaa kando yake, akachambua naye mpaka mboga zikawa nusu. Akamweleza yote, kuhusu sanduku, shimo na Jumamosi. Halafu akauliza, bila kumtazama:

"Mama Dorcus, huyu Phelis atakuwa mpweke mpaka lini?"

Jerusa hakuinua macho. "Mpaka Jumamosi," akasema.

Wote wawili walikuwa wamejua, na sasa kila mmoja alijua kwamba mwenzake amejua. Ojwang akaanza kusema habari za askari, kichaka na siku kumi na nne, na Jerusa akamkatiza.

"Baba Dorcus, mimi mwanamke. Sina kipande na hakuna anayeniuliza kipande. Hicho chako nitakishika mimi. Akitokea mtu kukichukua, atachukua na mkono wangu."

Jumamosi wakaenda wote wawili. Kiarie aliwazuia mlangoni, akasema wanawake hawaruhusiwi, miale itawadhuru, itawadhuru kabisa. Jerusa akamuuliza kama yeye ana kinga. Kiarie akasema amezoea. Jerusa akasema na yeye atazoea. Mzozo huo ulimfikia daktari nyuma ya ukuta wake, na kwa vile injini ilikuwa imeshapewa amri na Bwana Kengele amesimama kiwandani na saa mkononi, akaamua haraka: mama asimame nje, kwenye dirisha lililo mbele ya mgonjwa.

Ojwang akavua shati. Kamba ilikuwa imekaa shingoni mpaka fundo likawa jiwe; Kiarie akalikata kwa mkasi wa bandeji. Jerusa akaupokea mkebe kupitia dirishani, akarudi nyuma hatua moja, akauinua juu kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha samaki sokoni. Ojwang akaweka kifua kwenye bamba la baridi, kidevu juu, macho dirishani.

"Vuta pumuzi! Shika!" daktari akapaza sauti.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kwa mtu anayesimama mara tatu kwenye kilima kidogo, kushika pumzi ni kama kubeba gunia la mtu mwingine. Kikohozi kilimpanda mpaka kooni, kikabisha hodi. Hakukifungulia. Alimtazama Jerusa na mkebe, mkebe na Jerusa, taa ikafifia, mashine ikanguruma, ikanyamaza. Ndipo akakohoa mpaka akapiga magoti.

Filamu ilitoka ikiwa bado inatiririka maji. Daktari akaiweka dirishani, akaitazama muda mrefu, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Pale palipokuwa na sanduku hapakuwa na shimo. Palikuwa na vidoa vilevile kama mahali pengine pote, huku na huku, sawasawa. Kifua kikuu hakina tabia ya kugawa kwa haki namna hiyo.

Ojwang hakungoja tafsiri. "Na cha Gichana kikoje?"

Kiarie alishangaa. Gichana hakohoi, alisema.

"Nimekuuliza habari ya kukohoa? Nimeuliza kifua chake kikoje. Tumekaa jiwe moja miaka tisa."

Filamu ya Gichana ilikuwa ndani ya kabati pamoja na zile ambazo hakuna aliyezitazama mara ya pili, kwa kuwa wenye nazo walikuwa wanene na wenye kicheko. Ikatolewa. Sanduku lake lilikaa katikati kwa adabu. Na kila upande wa sanduku, punje zilezile za wimbi juu ya kitambaa cheusi.

"Huyu kazi gani?" daktari akauliza.

"Kinoo, bwana. Pamoja na huyu."

Daktari akazitoa zote. Vifua thelathini na vinane vilivyobaki havikuwa na vidoa hivyo. Kimoja kilikuwa na ubavu uliovunjika, ambao mwenyewe alimficha mkewe. Akavaa kofia, akaenda kwenye banda la mabati bila kumuaga mtu, akapitisha kidole juu ya fito za paa, akakitazama. Aliporudi kidole hicho kilikuwa bado kimesimama peke yake, cheupe, kama hajui akiweke wapi.

Aliyoyasema baadaye aliyasema polepole, na Kiarie kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na cha kurudia. Ugonjwa huu ni vumbi la jiwe. Limeingia ndani, limekaa.

"Hii hapana kwenda kwa mama," daktari alisema. "Hapana kwenda kwa mutoto." Halafu, akitazama meza: "Dawa yake hapana."

Kiarie alitafsiri ya kwanza kwa madoido. Ya pili aliiruka. Haikuhitaji kutafsiriwa.

Jioni hiyo daktari alikunywa chai kwenye baraza ya Bwana Kengele, na pombe baada ya chai. Nani alimwambia nani nini, miti ya baraza haijasema. Ila ripoti iliyotoka pale haikuwa na neno vumbi hata moja. Iliandikwa kwamba Ojwang ana kifua dhaifu cha kuzaliwa, na apewe kazi nyepesi. Wiki hiyo hiyo debe la maji lilirudishwa juu ya kinoo na mabati ya pande mbili yakabanduliwa. Nyapara alielezwa kwamba ni kwa ajili ya kulinda jiwe lisipasuke kwa joto. Jiwe, kwa hiyo, lilipata matibabu mazuri sana.

Gichana hakungoja kuona. Alipoambiwa kwamba na yeye ana wimbi kifuani, alimshuku Ojwang moja kwa moja, akasema mtu huyo amemkoholea kwenye picha. Alidai kipande chake kisainiwe na akaenda kukamua ng'ombe wa mzungu mmoja upande wa Sotik, na mpaka leo wako watu wa Kisii wanaoisimulia habari hii wakimpa yeye haki.

Ojwang aliwekwa kufungua na kufunga lango la kiwanda. Alilifungua miaka minne, akikagua kila gari kana kwamba dereva amelichora mwenyewe, kila mwaka akisimama mara nyingi zaidi kwenye kile kilima, mpaka mwaka wa 1939 alipoacha kukipanda. Alifia kwenye nyumba yake, mlango wazi, watu wake wote ndani.

Lakini kabla ya lango kulikuwa na Jumapili moja. Ojwang alikuwa amemwambia Kiarie kwamba maneno ya daktari hayatoshi kusemwa hospitalini. Wewe ndiye uliyetembeza kule kwetu habari kwamba nina kifua kikuu, alimwambia, sasa utembee tena. Basi Kiarie akaja baada ya ibada, na soksi zake, akasimama mbele ya nyumba za vibarua, akatangaza kwamba kikohozi cha Ojwang ni cha vumbi na hakiambukizi.

Jerusa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Daktari ndiye amesema, ama ni wewe umesema?"

"Daktari."

"Rudia. Phelis hajasikia vizuri."

Phelis alikuwa amesikia vizuri sana. Kiarie akarudia, na kwa vile kurudia ndiko alikokujua, alirudia vyema. Kisha Jerusa akavuka uwanja, akaingia kwa Phelis, akatoka na mtoto mgongoni na kiblanketi chake.

Ojwang alikuwa amejilaza kwenye mkeka nje, penye jua kidogo lililobaki kabla ya mvua ya saa nane. Dorcus alishushwa, akamzunguka baba yake, akamtazama kwa mbele na kwa nyuma kama mtu anayekagua unga. Halafu akapanda juu yake, akalala kifudifudi katikati ya kifua, na usingizi ukamchukua papo hapo.

Alikuwa mtoto mzito kwa umri wake. Pumzi za Ojwang zilikatika, zikawa za kuiba-iba. Jerusa aliliona hilo, akanyoosha mikono ili amwondoe.

"Mwache," Ojwang akasema, na hilo neno moja lilimchukua muda mrefu kulimaliza.